Bomba la Majitaka Lina Masharti Yake

Kabla ya kustaafu, kazi yangu ilikuwa kuchota majitaka. Nilivaa koti jeupe, glavu nzito na mabuti ya mpira, nikasimama kando ya manholi ya mwisho ya kiwanda, ile iliyo karibu na ua kabla bomba la kiwanda halijaungana na bomba la jiji, kisha nikateremsha kopo lililofungwa kwenye fimbo ndefu. Kwa sababu ya koti lile, mabawabu wa Eneo la Viwanda hapa Nairobi waliniita daktari. "Karibu, daktari, mgonjwa yuko kule nyuma," bawabu mmoja mzee alizoea kuniambia huku akinifungulia lango. Wasimamizi wa viwanda waliniita madam, na mara nyingi, baada ya salamu na chai, waliniuliza swali lile lile: "Lakini madam, haya si majitaka tu? Ukichafua uchafu umeharibu nini?"

Ni swali la haki, na wanaoliuliza si wenye viwanda peke yao. Huliuliza mama anayemwaga mafuta ya kukaangia chipsi kwenye sinki, na fundi wa magari anayemimina oili chafu ndani ya manholi iliyoibwa kifuniko. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba kazi ya bomba la majitaka ni kupokea chochote. Sheria inasema vingine, na ningependa kila mkazi wa jiji ajue inasema nini na kwa nini.

Tuanze na safari yenyewe. Majitaka ya sehemu kubwa ya Nairobi iliyounganishwa na bomba hushuka kwa mteremko hadi Ruai, mashariki mwa jiji, kwenye mabwawa ambayo jina lake rasmi ni la Dandora. Yalisanifiwa kupokea mita za ujazo 160,000 kwa siku. Mtambo wa Kariobangi ni mdogo zaidi, wa mita za ujazo 32,000. Mgeni akifika Ruai hutarajia kuona mashine kubwa zikinguruma. Anachokuta ni maji yaliyotanda kwenye madimbwi mapana, ndege wa kila aina, na upepo. Sehemu kubwa ya kazi inafanywa na viumbe hai. Katika mabwawa ya kwanza, yenye kina kirefu, bakteria wasiohitaji hewa hula mashapo yaliyotuama chini na kutoa mapovu ya methani. Kisha maji huingia mabwawa ya kina kifupi, ambamo mwani wa kijani hutumia mwanga wa jua kutengeneza oksijeni, na bakteria wa aina nyingine huitumia oksijeni hiyo kumaliza uchafu uliobaki. Katika mabwawa ya mwisho, jua na muda huua vijidudu vya maradhi. Ndipo maji yanapoachiliwa kuingia Mto Nairobi.

Na maji hufuata mkondo. Mto Nairobi unaungana na Athi, Athi inapita Fourteen Falls, inateremka Ukambani hadi eneo la bwawa la Thwake, inageuka jina kuwa Galana, na mwisho inafika baharini ikiitwa Sabaki, kaskazini ya Malindi. Mtu anayevua samaki karibu na Mambrui yuko upande wa chini wa kila sinki la Nairobi. Nilipenda kuwachorea wasimamizi mstari huo kwenye karatasi, kutoka lango lao hadi Bahari Hindi, kwa sababu wengi walidhani majitaka yao yanaishia nyuma ya ukuta.

Sasa sheria. Mwaka 2006, chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, Kenya ilitoa kanuni za ubora wa maji. Kanuni hizo ziliweka majedwali mawili ninayotaka kuyalinganisha. Moja lilihusu maji machafu yanayoachiliwa moja kwa moja kwenye mazingira, mathalani mtoni. Jingine, Jedwali la Tano, lilihusu yale yanayoingia kwenye bomba la umma. Ukiyaweka mezani pamoja utaona tofauti kubwa. Kwa kile kipimo kiitwacho BOD, mtoni kikomo kilikuwa miligramu 30 kwa lita, na bombani 500. Kwa COD, mtoni kilikuwa 50 na bombani 1,000. Vitu vigumu vinavyoelea, mtoni 30, bombani 250.

BOD ni kiasi cha oksijeni ambacho bakteria watahitaji ili kula uchafu uliomo ndani ya maji. Tulikipima kwa subira. Unatia sampuli kwenye chupa ya kioo ya mililita 300 pamoja na maji yaliyojaa oksijeni, unaifunga kisibaki hata kiputo cha hewa, unaiweka gizani katika nyuzijoto 20, na unarudi baada ya siku tano kuona oksijeni kiasi gani imebaki. Siku tano hizo zilitoka Uingereza, kwenye tume ya kifalme iliyochunguza majitaka, ambayo ripoti yake ya nane ilitoka mwaka 1912. COD hutafuta jambo la aina hiyo kwa kemikali kali, na jibu lake hupatikana kwa saa chache. COD ikiwa juu sana huku BOD ikiwa chini, mtu wa maabara hushtuka, maana yake kuna kitu ndani ambacho bakteria hawawezi kukila.

Kwa nini bomba liruhusiwe uchafu mwingi kiasi hicho kuliko mto? Kwa sababu kati ya bomba na mto wapo wale bakteria wa Ruai. Niliwaambia wenye viwanda wawahesabu kama vibarua: unaweza kuwapa kazi nyingi, lakini huwezi kuwapa sumu, na huwezi kuwapa kwa siku moja kazi ya mwezi mzima. Jedwali la Tano lote linasomeka vizuri ukilitazama kwa jicho hilo. Kila mstari wake unauliza mojawapo ya maswali haya: je, kitu hiki kitawaua bakteria? Kitawapita bila kuguswa? Kitaziba au kula bomba? Kitamuua mtu?

Chukua maziwa. Hakuna anayefikiria maziwa kuwa ni uchafu, lakini lita moja ya maziwa ina BOD ya zaidi ya miligramu 100,000. Ili lita hiyo ifikie kikomo cha 500, ingehitaji kuchanganywa na karibu lita 200 za maji. Damu ya machinjioni ni nzito zaidi. Kwa hiyo kiwanda cha maziwa kinachomwaga tangi lililoganda usiku mmoja kinaweza kuwanyima bakteria hewa bila kutia hata gramu moja ya sumu. Msimamizi mmoja hakuniamini hadi nilipomwonyesha chupa iliyokaa siku tano: oksijeni ilikuwa sifuri. Aliitazama muda mrefu, kisha akaniuliza gharama ya tangi la kusawazisha, lile linaloyashikilia maji ya siku nzima na kuyaachilia kidogo kidogo. Alilijenga. Wapo watu wa namna hiyo, na ni haki kuwataja.

Mstari wa mafuta na grisi ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa kuwa umeandikwa na mtu aliyejua jiji lake. Ulisema miligramu 10 kwa lita pale ambapo majitaka yatasafishwa kwa mitambo ya kawaida, na 5 tu pale ambapo hatua ya mwisho ni mabwawa. Nusu nzima imekatwa. Ukisimama kando ya bwawa la Ruai unaelewa sababu bila kuelezwa. Mafuta huelea. Utando mwembamba ukifunika maji, mwanga wa jua haupenyi sawasawa, mwani haufanyi kazi yake, na hewa ya juu haiingii majini. Bwawa lililokuwa kijani huanza kuwa jeusi na kunuka. Rangi za viwanda vya nguo ziliwekewa kikomo kwa sababu inayokaribiana na hiyo, kwani maji yaliyotiwa rangi nzito huzuia jua hata kama rangi yenyewe haina sumu.

Na mafuta huanza kuleta madhara mapema, kabla hayajafika Ruai. Yanapotoka jikoni ni moto na mepesi, yakikutana na maji baridi ya bomba yanaganda ukutani, kisha yanashika nywele, vitambaa na mchanga. Mwaka 2017, huko Whitechapel jijini London, wafanyakazi walikuta bonge la mafuta na vitambaa la urefu wa mita 250, lililokadiriwa kuwa na uzito wa tani 130. Mabomba yetu ni membamba kuliko yale. Hayahitaji tani 130 ili majitaka yafurike sebuleni kwa mtu wa ghorofa ya chini.

Karibu na kazini kwetu kulikuwa na mama mwenye hoteli ndogo, akiuza ugali, matumbo na nyama ya kukaanga. Bomba lake lilikuwa likiziba kila mara. Siku moja aliniita nikiwa nakula.

"Dada, wewe ni mtu wa maji. Hebu niambie, hawa mafundi wananila pesa au kuna shida kweli?"

Nilimwomba anionyeshe anapooshea sufuria. Sinki liliungana moja kwa moja na bomba. Hapakuwa na mtego wa mafuta, lile sanduku lenye ukuta katikati ambamo maji hutulia kidogo, mafuta yakapanda juu, na maji yaliyo chini ndiyo yanayopita. Nikamweleza.

"Na nikiyamwaga na maji moto na sabuni nyingi?"

"Yatapita kwako, mama, yatagandia kwa jirani."

Aliweka mtego, na debe la kutilia mafuta yaliyotumika. Vijana wanaotengeneza sabuni wakaanza kuja kuyanunua. Nafuu aliyoipata ni ya mkahawa mmoja tu, lakini hesabu mikahawa ya Nairobi kuanzia Gikomba hadi Westlands, halafu fikiria mafuta ya mchana mmoja.

Kuna sehemu ya jedwali ambayo haina kiwango kinachoruhusiwa. Imeandikwa sifuri kwa vitu ambavyo havikubaliki hata kidogo: kalisi kabaidi, klorofomu, viyeyushi vinavyoshika moto, mabaki ya vitu vyenye mionzi. Nilipoanza kazi niliona kabaidi na nikajiuliza inafanya nini mle. Baadaye nikaisoma sheria ya afya ya umma ya Uingereza ya mwaka 1936, nikaikuta ikikatazwa humo pamoja na petroli. Kabaidi ikigusa maji hutoa gesi ya asetilini, ile ile inayochomelea vyuma. Mafundi wa kunyoosha bodi za magari wanaifahamu vizuri kuliko mimi. Baada ya kazi, ndani ya mtungi wao hubaki uji mweupe ambao mara nyingine una vipande visivyokwisha kuyeyuka. Uji huo ukitupwa bombani, gesi inaendelea kutoka ndani ya mahali pasipo na upepo, ikingoja cheche.

Anayedhani hiyo ni hofu ya vitabuni na asikie mambo haya. Tarehe 13 Februari 1981, katika jiji la Louisville, Kentucky, Marekani, hekseni iliyotumika kukamulia mafuta ya soya ilikuwa imeingia kwenye bomba la majitaka kutoka kiwandani. Alfajiri mvuke wake ukashika moto, na barabara zenye urefu wa zaidi ya kilomita 3 zikapasuka na kuporomoka. Kwa bahati hakufa mtu. Tarehe 22 Aprili 1992, Guadalajara, Mexico, haikuwa na bahati hiyo. Petroli iliyovuja kutoka bomba la mafuta iliingia kwenye mabomba ya majitaka, wakazi wakalalamika kuhusu harufu, na kisha mitaa ikalipuka. Watu zaidi ya 200 walikufa.

Na sisi tuna Sinai. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka bomba la mafuta katika Eneo la Viwanda iliingia kwenye mtaro uliopita katikati ya mtaa huo wa mabanda, watu wakaenda kuichota, na moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Yale yalikuwa mafuta yaliyovuja, si majitaka ya kiwanda yaliyoachiliwa kwa makusudi, na mtaro ule ulikuwa wazi. Lakini kila aliyefanya kazi eneo lile alijifunza siku ile kwamba mkondo wa maji machafu husafirisha moto kwa utulivu uleule unaosafirisha maji ya kuoshea vyombo. Tangu hapo sikuwahi tena kumsikiliza kwa upole mtu aliyeniambia kwamba lita chache za thina haziwezi kudhuru.

Yupo mtu ambaye jedwali hili linamlinda kabla ya wengine wote, nami nimeshuhudia jinsi anavyosahauliwa. Ni kijana anayeshuka ndani ya manholi kuzibua bomba. Majitaka yaliyokaa bila hewa hutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Ikiwa kidogo unainusa na kukimbia. Inapofika sehemu 100 hivi kwa milioni, pua hufa ganzi, na mtu huacha kuinusa akidhani imekwisha. Ikizidi sana, humwangusha kwa pumzi chache. Mwenzake akishuka kumwokoa bila kifaa cha kupumulia, naye huanguka juu yake. Ndiyo maana salfaidi iliwekewa kikomo cha miligramu 2 kwa lita, na ndiyo maana asidi inatazamwa kwa makini. Kipimo cha uchachu, pH, kilitakiwa kiwe kati ya 6 na 9. Mtu akimwaga asidi ya betri au ya kuoshea vyuma, salfaidi iliyokuwa imetulia ndani ya maji hugeuka gesi papo hapo. Ikiwa kuna sianidi kutoka kwa wanaopaka vyuma metali nyingine kwa umeme, asidi huigeuza nayo kuwa gesi ya kuua. Viwanda viwili, kila kimoja kikidhani kimemwaga kitu kidogo, vinaweza kukutanisha majitaka yake chini ya barabara na kumuua mtu ambaye wenye viwanda hivyo hawajamwona kamwe.

Gesi hiyo hula hata saruji. Hupanda kwenye dari ya bomba, bakteria wa aina nyingine huigeuza asidi ya salfa, na zege hulainika taratibu hadi barabara inapobomoka. Joto huharakisha mambo hayo yote, ndiyo sababu maji hayakutakiwa kuzidi nyuzi 35.

Metali nzito ni habari tofauti, na kwangu ndiyo chungu zaidi, kwa sababu hakuna bakteria anayeweza kuila risasi, zebaki wala kromiamu. Kinachoingia bombani hubaki kilekile. Sehemu hutuama kwenye tope la mabwawa, sehemu hutoka na maji. Kikomo cha risasi bombani kilikuwa miligramu 1 kwa lita, cha zebaki 0.05, cha ile kromiamu kali itokayo katika kupaka vyuma 0.05 vilevile. Kiwanda cha ngozi au cha betri kinapaswa kuziondoa ndani ya ua wake, kwa chokaa na matangi ya kutuamisha, na kulipeleka tope lake mahali pa taka za sumu. Ni gharama, nakubali.

Lakini tazama upande wa pili wa gharama hiyo. Maili Saba, si mbali na Dandora, kwa miaka mingi wako wakulima wanaoziba bomba kuu la majitaka kwa mawe na magunia ili maji yapande na kutoka kwenye manholi, yakamwagilie mashamba yao. Wamefanya hivyo kwa kukosa maji, na kwa sababu majitaka yana mbolea. Si halali, na ni hatari kwa miguu na mikono yao. Sitawalaumu sana, maana nimekaa nao na najua mvua inavyowakwepa. Ninalotaka msomaji alione ni njia yenyewe: bomba lile lile limebeba maji ya Eneo la Viwanda, na sukuma wiki inayomea pale huuzwa sokoni kwetu. Bawabu aliyeniita daktari na msimamizi aliyeniita madam wanaweza kuila jioni hiyohiyo.

Nirudi kwenye chupa zangu, kwa kuwa sheria bila sampuli ni karatasi. Sampuli ya mafuta huchukuliwa kwa chupa ya kioo, kwani grisi hushika plastiki na kipimo hutoka chini. Ya metali huwekwa katika plastiki na kutiwa asidi ya naitriki. Ya BOD hukaa kwenye barafu gizani na lazima ifike maabara upesi. Ukikosea chupa, umempa mkosaji cheti cha usafi.

Hata ukiwa na chupa sahihi, kuna ujanja. Kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja, kila nilipofika kilikuwa na majitaka meupe mazuri, baridi, karibu ya kunyweka. Bawabu angenichelewesha langoni akitafuta kitabu cha wageni, na huko nyuma mtu alikuwa amefungua mfereji wa maji safi. Kuyazimua majitaka hakuwasaidii bakteria, kwa sababu gramu za sumu zinazofika Ruai ni zilezile. Zimesambazwa tu katika maji mengi zaidi, tena maji ya kunywa, katika jiji ambalo mitaa mizima hununua maji kwa mitungi. Tiba ya ujanja huo ni sampuli mchanganyiko: unachota kidogo kila saa, mchana na usiku, kisha unachanganya. Tulipofanya hivyo pale, maji ya saa nane za usiku yalikuwa na rangi ya wino.

Mengine nitayapitia haraka. Maji ya mvua hayatakiwi kwenye bomba la majitaka. Nairobi ina mifereji yake ya mvua, na nyumba inayounganisha mabomba ya paa na bomba la choo ndiyo inayowafurikishia majirani majitaka kila masika. Sodo, nepi, kondomu na vile vitambaa laini vya kupangusia watoto haviyeyuki kama karatasi ya chooni, hata pakiti ikisema vinaweza kutupwa chooni. Lori la kunyonya vyoo halina ruhusa ya kumwaga kwenye manholi yoyote linayoipita njiani. Lina mahali palipotengwa. Na kifuniko cha manholi kinachouzwa kama chuma chakavu huacha shimo ambalo kufikia jioni limejaa takataka, ukiacha mtoto anayeweza kutumbukia.

Kwa mwenye biashara, utaratibu si wa siri. Sheria ya Maji ya 2016 inamtaka apate idhini ya kampuni inayoendesha mabomba kabla ya kumwaga majitaka ya biashara. Idhini hiyo hueleza ni maji ya namna gani, kiasi gani, na yatibiwe vipi kwanza. Kosa huanzia kwa anayejiunganisha usiku kwa fundi wa kando ya barabara. Pia liko kwa ofisa anayeijua manholi hiyo na kunyamaza. Nimefanya kazi na wakaguzi waaminifu waliokataa bahasha na wakahamishwa. Nimewajua na wengine. Jedwali zuri kuliko yote duniani haliwezi kufanya kazi ikiwa matokeo ya maabara yanafungiwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake unauzwa.

Kwa hiyo ninalo ombi moja kwa msomaji, na jingine kwa wenye mamlaka. Wewe msomaji, mimina mafuta ya jikoni kwenye kopo yakiwa yamepoa, peleka oili na betri kwa wanaozinunua, na ukinusa petroli, thina au yai viza kwenye manholi ya mtaa wenu, piga simu kampuni ya maji siku hiyohiyo, uwaweke watoto mbali, wala usiwashe kiberiti karibu. Usimtume kijana ashuke humo kwa kamba na tochi kwa malipo ya siku moja, hata akikuambia amezoea.

Kwa wenye mamlaka: Ibara ya 42 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Matokeo ya sampuli za kila kiwanda kilichounganishwa na bomba la jiji ni taarifa za namna hiyo. Yatangazeni kila mwezi, kwa jina la kiwanda na kwa namba, na nakala zibandikwe mahali ambapo mkulima wa Maili Saba na kijana anayezibua manholi wanaweza kuzisoma.